Picha Nzuri Huanzia Machoni mwa Mama

Zamani picha ilikuwa tukio. Familia ilivaa nguo za Jumapili, ikaenda hadi studio mjini, ikajipanga mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege, na baada ya siku kadhaa baba akarudi nyumbani na bahasha. Leo kamera imo ndani ya simu, na simu imo mkobani au kwenye pindo la kanga. Siku moja ya ubatizo huweza kuleta picha mia mbili. Lakini jioni tukikaa kuzitazama, tunaona kwamba nyingi zinafanana. Watu wamesimama mstari mmoja, mikono imenyooka, macho yamekazwa, kila mmoja akingoja kuambiwa kwamba sasa anaweza kuondoka. Mtoto ambaye nyumbani hakosi vituko amenuna. Bibi ambaye huchekesha ukoo mzima ametokea kama mtu aliyeitwa barazani kujibu mashtaka.

Wengi hudhani kwamba tatizo ni kifaa. Mwenye simu ya kawaida anatamani ya bei kubwa, na mwenye ya bei kubwa anatamani kamera ya mpiga picha wa harusi. Wengine wanatafuta kanuni: simama hapa, jua liwe pale, mtu akae upande huu. Tunakubali kwamba kifaa kizuri kina faida yake na kanuni pia zina faida yake. Hata hivyo, katika makala hii tunataka kuzungumzia kile ambacho havikiwezi. Picha huwa hai pale anayeipiga anapomtazama kwa makini na kwa upendo mtu aliye mbele yake. Katika jambo hilo, mama mwenzetu, una mtaji mkubwa kuliko unavyodhani.

Kanuni ni mtumishi mwema

Tuanze na kanuni, ili tusije tukaonekana kuzidharau. Iliyo maarufu kuliko zote ni kanuni ya theluthi. Unaigawa picha katika sehemu tatu sawa kwa upana na tatu kwa urefu, kisha unaweka kitu muhimu kwenye mojawapo ya mistari hiyo, badala ya kukibana katikati. Simu nyingi za leo zinaweza kukuonyesha mistari hiyo kwenye kioo chake.

Ni ushauri mzuri kwa anayeanza. Lakini inafaa kujua ulikotoka. Jina la kanuni hiyo liliandikwa na Mwingereza John Thomas Smith katika kitabu cha mwaka 1797, alipokuwa akizungumzia uchoraji wa mandhari ya mashambani. Wakati huo kamera ya kupigia picha ilikuwa haijavumbuliwa. Yeye alikuwa akiwaza mbingu, ardhi na miti. Hakuwa akimwaza mtoto wako anayejifunza kutembea.

Kanuni basi ni kama kipimo cha chumvi kwenye kitabu cha mapishi. Humsaidia binti anayejifunza asiharibu mboga. Lakini mama aliyepika miaka ishirini haendi tena kupima kwa kijiko; anaonja, kwa sababu anawajua watakaokula. Kuna wakati uso wa mtoto unafaa kabisa kuwa katikati. Kuna wakati picha inafaa kuwa na giza, kwa sababu kilichotokea kilitokea jioni kando ya moto. Kanuni haiwezi kujua hayo. Anayejua ni wewe uliyekuwapo.

Mama aliyeanza akiwa na miaka 48

Tungependa mjue habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Julia Margaret Cameron. Alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Alizaa watoto sita, na pia alilea watoto wengine ambao hakuwazaa. Baadaye familia ilikaa Freshwater, katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Desemba 1863 mumewe alikuwa safarini Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka, na watoto wakubwa walikuwa wameondoka nyumbani. Binti yake na mkwewe, wakiona kwamba mama amebaki na upweke, walimpa zawadi ya kamera. Alikuwa na umri wa miaka 48, na hakuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo.

Upigaji picha wa siku zile ulikuwa mzito. Kamera ilikuwa sanduku la mbao. Badala ya filamu kulikuwa na bamba la kioo lililopakwa dawa, likachovywa katika maji ya madini ya fedha, likatumika likiwa bado bichi, na kusafishwa mara moja kabla halijakauka. Dawa hizo ziliacha madoa meusi mikononi na kwenye nguo. Aliyepigwa picha alitakiwa kukaa bila kutikisika, wakati mwingine kwa dakika kadhaa. Mama yeyote anajua maana ya kumwambia mtoto akae hivyo.

Penye nia pana njia. Bibi Cameron aligeuza stoo ya makaa ya mawe kuwa chumba cha giza. Banda la kuku lenye vioo likawa studio yake, na kuku wakaachiwa huru. Picha yake ya kwanza aliifuta mwenyewe bila kukusudia, kwa kupitisha mkono upande wa kioo uliokuwa na dawa mbichi. Hakukata tamaa. Januari 1864 alimpiga picha binti mdogo aliyeitwa Annie Philpot, na ikatoka vizuri. Kwa furaha alikimbia nyumba nzima akitafuta zawadi za kumpa mtoto yule, maana aliona kwamba picha imefanywa na mtoto mwenyewe.

Tumelipenda sana jambo hilo. Wapiga picha wengi husema, "Nimepiga picha nzuri." Mama huyu alimshukuru aliyepigwa.

Alikuwa pia na desturi ya kukimbia na kioo kibichi hadi chumba cha kulia chakula ili mumewe aione picha mpya. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba vitambaa vingi vya meza viliingia madoa yasiyotoka, na kwamba nyumba yenye watu wasio wavumilivu ingemfukuza. Mumewe, Charles Hay Cameron, alikuwa mtu mzima aliyemzidi mkewe umri wa miaka ishirini hivi, na aliitazama kila picha kwa furaha. Akina baba watakaosoma ukurasa huu wanaweza kujifunza hapo. Kipaji cha mke hustawi kunapokuwa na mtu wa kukipokea mezani, hata kama kinaleta madoa.

Waliomcheka, na aliyoyaona

Si wote waliompokea hivyo. Majarida ya wapiga picha wa wakati ule yalimkosoa. Yalisema picha zake zina ukungu, hazikukaza vizuri, zina mikwaruzo na alama za vidole. Kwa kanuni zao walisema kweli. Mpiga picha mzuri alitakiwa kuonyesha kila unywele na kila kifungo cha nguo.

Bibi Cameron alikuwa akitazama kitu kingine. Katika kumbukumbu alizoandika mwaka 1874 alieleza kwamba alipokuwa akirekebisha lenzi, alipofika pale ambapo jicho lake liliona uzuri, alisimama hapo hapo. Hakuendelea kukaza hadi mahali ambapo wengine walisisitiza. Alisogea karibu sana na uso wa mtu, akaruhusu mwanga kutoka upande mmoja, na sehemu nyingine akaziacha zizame katika giza. Matokeo yake ni nyuso ambazo ukizitazama unahisi mtu yule anapumua. Ndivyo alivyowapiga picha wanasayansi Sir John Herschel mwaka 1867 na Charles Darwin mwaka 1868.

Lakini hakutafuta watu mashuhuri peke yao. Mmoja wa watu aliowapiga picha mara nyingi kuliko wote alikuwa mtumishi wa nyumbani kwake, Mary Hillier. Katika uso wa binti huyu wa kazi Bibi Cameron alimwona Bikira Maria, na akampiga picha akiwa amekumbatia watoto. Kati ya kazi zake za mwanzo kuna picha tisa alizoziita Tunda la Roho, kufuatana na Wagalatia 5:22-23, yaani upendo, furaha, amani na mengine yote, moja kwa kila picha. Picha hizo tisa alizitoa kwa British Museum mwaka 1865. Mwaka huohuo jumba jingine la makumbusho la London, ambalo leo huitwa Victoria and Albert Museum, lilinunua picha zake.

Hebu tutafakari hapo kidogo. Katika nyumba nyingi msichana wa kazi ndiye anayeambiwa, "Shika simu utupige," na kisha hayumo katika picha yoyote. Hapa bibi wa nyumba alimwona binti wa jikoni kuwa anastahili mfano wa mama wa Bwana wetu. Majina ya wakosoaji wengi yamesahauliwa. Bibi Cameron alifariki mwaka 1879, lakini uso wa Mary Hillier bado unatazamwa.

Seremala wa Bamako

Pengine utasema, "Huyo alikuwa na watumishi na nafasi, sisi tuna mashamba, kazi na foleni ya maji." Ni kweli. Kwa hiyo tuje Afrika, kwa mtu aliyeanza na kidogo sana.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako, katika nchi ambayo leo ni Mali, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hakwenda shule. Alijifunza useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na kumletea kamera ndogo ya Kodak Brownie. Kamera za jina hilo zilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1900 ziliuzwa dola moja ya Marekani. Zilikuwa sanduku tu lenye lenzi, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wasiojua lolote kuhusu upigaji picha. Kijana yule akaanza na watu wa nyumbani kwake, akauliza waliomtangulia, akajifunza kusafisha picha.

Mwaka 1948 alifungua studio mjini Bamako. Mara nyingi alipiga nje, uani, kwa mwanga wa jua. Kwa kuwa hakuwa na pazia la studio, alitundika ukutani shuka la kutandikia kitanda chake mwenyewe. Lilipochakaa baada ya miaka miwili au mitatu alitundika kitambaa kingine. Jambo hilo lilimsaidia baadaye, kwani alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, alitazama kitambaa cha nyuma akajua.

Vifaa vilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Ilimlazimu kutazama sana kabla ya kubonyeza. Alimgeuza mtu kidogo, akapanga mikono, akatandaza vizuri nguo ya mama mwenye mitandio na hereni ili ushonaji wake uonekane. Aliweka studioni redio, saa, kalamu na suti, ili asiye na kitu chochote naye apendeze siku hiyo. Kati ya picha zake zinazopendwa kuna ile ya mwanamume mkubwa aliyempakata mtoto mchanga kwa mikono yake mipana. Hakuna ufundi wa ajabu ndani yake. Kuna baba na mtoto, na mtu aliyetambua kwamba hilo linatosha.

Nyuma ya picha hizo kuna shuka la kitanda tu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, kazi zake zilionyeshwa mjini Paris, na leo zinatambuliwa duniani kote. Alifariki mwaka 2001.

Walichokuwa nacho wote wawili

Mama wa Freshwater na seremala wa Bamako hawakukutana, na maisha yao hayakufanana. Lakini tukiwaweka pamoja tunaona mambo matatu.

La kwanza, waliujua mwanga wa mahali pao. Mmoja aliutafuta katika banda la kuku, mwingine katika ua wa nyumba. La pili, walitoa muda. Picha moja iliyosubiriwa iliwapa zaidi kuliko picha mia za haraka. La tatu, walimheshimu mtu. Binti wa kazi, fundi, mama mwenye mtoto, kila mmoja alitazamwa kama mtu mwenye jina na thamani.

Mambo hayo matatu hayauzwi dukani. Nawe unayo tayari nyumbani kwako.

Tuanze nyumbani

Fungua mlango. Studio yako ya kwanza ni mlango au dirisha. Mkalishe mtu ndani kidogo ya mlango, ageukie nje, nawe simama pembeni mwa mwanga huo. Saa za asubuhi, au jua linapoanza kushuka, ngozi zetu hupendeza sana. Jua la saa saba mchana hutia vivuli vyeusi machoni. Ikiwa hakuna njia nyingine, nendeni chini ya mwembe au kwenye kivuli cha baraza. Zima ile taa ya kamera ukiweza, maana mara nyingi huufanya uso uwe bapa na macho yaogope. Futa pia lenzi ya simu kwa kitambaa safi, kwani mafuta ya jikoni yakiganda hapo hutia ukungu ambao hukuukusudia.

Inama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto wengi wamepigwa picha kutoka juu, wakaonekana kichwa kikubwa na miguu midogo. Piga goti, keti mkekani, shusha kamera hadi kimo cha macho ya mtoto. Hapo ndipo utaona dunia anayoiona yeye: miguu ya meza, kuku, ndoo ambayo kwake ni pipa.

Sogea. Usivute picha kwa vidole kwenye kioo cha simu. Tembea hatua mbili mbele. Kisha tazama pembeni na nyuma ya mtu. Kama kuna kamba ya nguo inayotokea sikioni mwake, sogea kushoto. Kama kilichoko nyuma ni jiko alilopikia miaka thelathini, kiache, maana ni sehemu ya habari zake.

Ngoja. Ukimwambia mtu "cheka," atakuonyesha meno. Mwulize bibi jinsi babu alivyokuja kuposa, uone uso utakavyobadilika. Mpe mtoto kazi ya kufanya: achambue mchele, amwogeshe mwanasesere, akoroge unga. Baada ya dakika chache atasahau kwamba kamera ipo. Haraka haraka haina baraka, hata katika picha.

Tazama yasiyotazamwa. Tunapiga harusi, ubatizo na mahafali, na ni vizuri. Lakini maisha ya nyumba yako siku nyingine zote yako wapi? Mikono ya mama mkwe ikisuka ukili. Viatu vya watoto vimepangwa mlangoni. Baba amelala kitini na gazeti kifuani. Dada wawili wanasukana nywele barazani. Mtoto wa kwanza akimsomea mdogo wake Biblia ya picha kabla ya kulala. Mambo hayo yatakwisha bila kutangazwa. Hakuna anayetoa taarifa kwamba leo ndiyo mara ya mwisho mtoto kubebwa mgongoni.

Punguza. Jaribu siku moja kujiwekea mpaka wa picha tano tu, kama vile simu yako ingekuwa na filamu inayokaribia kwisha. Utashangaa jinsi utakavyotazama zaidi.

Na mama mwenyewe yuko wapi?

Tunaomba tuseme jambo linalouma kidogo. Katika familia nyingi mama ndiye anayeshika kamera, au ndiye aliyeko jikoni wakati picha zinapigwa. Akiitwa anasema, "Niacheni, sijavaa vizuri." Miaka inakwenda. Kisha siku ya msiba vijana wanahangaika kutafuta picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza, wanakuta hakuna. Wanakata ile ya kitambulisho, ambayo aliipiga akiwa amechoka baada ya kupanga foleni, na kuikuza. Waombolezaji wanapita mbele ya uso ambao hata watoto wake hawautambui vizuri.

Mama, usikimbie kamera. Watoto hawatafuti mavazi yako. Wanakutafuta wewe, na kilemba chako cha jikoni, na unga mikononi. Mfundishe binti yako au mwanao wa miaka kumi kushika simu, kisha uendelee na kazi yako. Mara nyingi watoto hupiga picha nzuri kuliko sisi kwa sababu hawajui kanuni za kuwatia hofu. Na wewe uliye mke, mpige mumeo picha akiwa na watoto wake, nawe umwombe akupige. Ni njia moja ya kuambiana, baada ya miaka mingi ya ndoa, kwamba bado mnaonana.

Tuwaheshimu tunaowapiga

Jicho la upendo lina mipaka. Si kila kinachoonekana kinapaswa kupigwa picha, na si kila picha iliyopigwa inapaswa kusambazwa. Mtoto akiwa uchi anaoga ni furaha ya mama yake tu. Picha hiyo ikitumwa kwenye kundi la simu, huwezi tena kujua inaishia wapi, na mtoto atakapokuwa kijana haitamwondokea. Mgonjwa kitandani, mfiwa anayelia, mtoto anayeadhibiwa, jirani anayepokea msaada wa chakula, hao wote wana heshima yao. Tuombe ruhusa kwanza. Mtu akisema hapana, tushushe kamera na kumshika mkono. Hata mtoto mdogo akisema hataki, tumsikilize. Anajifunza hapo kwamba mwili wake na uso wake si mali ya kila mtu.

Ujumbe huu si mgeni kwetu. Nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese, alivutiwa na kimo na sura ya mwana wa kwanza, na Bwana akamrekebisha kwamba yeye hutazama moyo (1 Samweli 16:7). Hajiri naye, kijakazi aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba, alimwita Mungu kwa jina la Yule aonaye (Mwanzo 16:13). Mwanamke ambaye hakuna aliyemjali aligundua kwamba ameonwa. Kila tunapomtazama mtu kwa uvumilivu hadi tukaona zaidi ya nguo na cheo chake, tunajifunza kidogo jinsi Mungu anavyotutazama sisi.

Zisipotee

Picha elfu tatu ndani ya simu moja ni mali iliyowekwa kwenye kikapu kimoja. Simu huanguka majini, huibwa, hufa. Kila baada ya miezi mitatu chagueni pamoja kama familia picha kumi zenye maana, mzichapishe dukani. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, taratibu, majina, mahali na mwaka. Usiseme, "Wote wanamjua huyu." Wajukuu hawatamjua. Albamu iwekwe mbali na jua na unyevu, lakini isifungiwe kabatini kama vyombo vya wageni. Iwe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia siku ya mvua na kuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Masimulizi mengi ya imani na ya ukoo huanzia kwenye swali hilo.

Kazi ya mwezi huu

Tunapendekeza kwa vikundi vya akina mama jambo jepesi. Katika majuma manne yajayo, kila mmoja apige picha nne tu, kwa kifaa chochote alicho nacho au cha kuazima. Juma la kwanza, mikono ya mtu anayefanya kazi. Juma la pili, mtu mzee wa familia akisimulia jambo. Juma la tatu, mtu wa nyumbani ambaye huwa hayumo katika picha. Juma la nne, wewe mwenyewe, ukipigwa na mtoto wako.

Siku ya kukutana, leteni picha hizo. Msiulizane ni simu gani iliyotumika. Kila mmoja aeleze aliona nini kwa mtu wake ambacho hakuwa amekiona kabla. Kisha mwombeeni mtu huyo kwa jina.